Mizania Inayolingana Lakini Haisemi Kweli: Kutafuta Makosa ya Upangaji na Uthaminishaji

Mizania, yaani taarifa ya mali, dhima (madeni na wajibu) na mtaji wa kampuni siku fulani, inaweza kulingana pande zote mbili hadi senti ya mwisho na bado ikampotosha kila anayeisoma. Kulingana huko kunathibitisha jambo moja tu, kwamba kila debiti, yaani ingizo la upande wa kushoto, imepata krediti yake ya upande wa kulia. Hakuthibitishi kwamba kipengele kimewekwa katika fungu linalostahili, wala kwamba tarakimu iliyoandikwa mbele yake ndiyo thamani yake. Kwa sababu hiyo, kosa la mizania halitafutwi kwenye jumla bali kwenye dalili: uwiano uliobadilika ghafla, faida ghafi (mauzo baada ya kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa) inayopanda na kushuka bila sababu ya kibiashara, deni la wateja lisilopungua, au mashine inayofanya kazi kila siku ilhali vitabuni thamani yake ni sifuri.

Maelezo yafuatayo yanafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, yaani vile vinavyotambulishwa kwa herufi IAS na IFRS, na yanasimama juu ya kanuni moja ambayo naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote katika kazi hii: amua fungu kwanza, ndipo ujadili thamani. Sehemu kubwa ya mabishano kuhusu thamani huisha yenyewe pindi kipengele kinapowekwa mahali pake, kwa kuwa kila fungu lina kipimo chake.

Chukua jengo moja. Likitumiwa na kampuni yenyewe kama ofisi, linaangukia IAS 16, na hupimwa kwa gharama baada ya kutoa uchakavu (sehemu ya gharama inayotozwa kila mwaka kadiri mali inavyotumika), au kwa thamani inayopitiwa upya mara kwa mara. Likimilikiwa ili lipangishwe na kuingiza kodi, linahamia IAS 40, ambapo kampuni inaweza kulipima kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo lingeuzwa sokoni siku hiyo, na mabadiliko ya thamani hiyo huingia moja kwa moja katika faida au hasara ya mwaka. Likijengwa na mkandarasi anayejenga nyumba ili aziuze, ni bidhaa, na IAS 2 inataka liandikwe kwa kiasi kilicho kidogo kati ya gharama yake na thamani halisi itakayopatikana kwa kuliuza. Na ikiwa uongozi umeazimia kuiuza ile ofisi ndani ya mwaka mmoja, imeanza kutafutiwa mnunuzi, na inaweza kuuzwa katika hali iliyo nayo, basi IFRS 5 inasimamisha uchakavu wake na kuipima upya. Matofali hayakubadilika, kilichobadilika ni kusudi la mwenye jengo. Anayeuliza "jengo hili lina thamani gani?" kabla ya kuuliza "liko hapa kwa ajili gani?" ameanzia mwisho.

Dalili: uwiano wa mali za muda mfupi kwa dhima za muda mfupi umebadilika ghafla

Hii ndiyo dalili inayostahili kushughulikiwa kwa makini zaidi, kwa sababu wakopeshaji huitazama kabla ya nyingine. Tuseme mali za muda mfupi ni 600,000 na dhima za muda mfupi ni 400,000, hivyo uwiano ni 1.5. Kampuni ina pia mkopo wa 500,000 unaotakiwa kulipwa baada ya miaka minne. Endapo mkopo huo utalazimika kuhamia kwenye dhima za muda mfupi, dhima hizo zitafika 900,000 na uwiano utaporomoka hadi takriban 0.67, ingawa hakuna bidhaa iliyoharibika wala mteja aliyekimbia.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni masharti ya mkopo. Mikataba mingi humruhusu mkopeshaji kudai fedha zake zote mara moja iwapo mkopaji atavunja sharti fulani, kwa mfano kiwango cha chini cha faida au cha mtaji. Sharti lililotakiwa kutimizwa siku ya kufunga hesabu au kabla yake likiwa limevunjwa, na siku hiyo kampuni ikawa haina haki ya kuahirisha malipo kwa angalau miezi 12, mkopo wote ni wa muda mfupi. Barua ya benki ya kusamehe kosa, ikiwa imetolewa baada ya siku ya kufunga hesabu, haibadilishi fungu hata kama imefika kabla taarifa hazijaidhinishwa. Kwa upande mwingine, marekebisho ya IAS 1 yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 yameweka wazi kwamba sharti linalotakiwa kutimizwa baada ya siku ya kufunga hesabu halihamishi mkopo, bali linadai maelezo ya kutosha ili msomaji ajue hatari iliyopo katika miezi 12 inayofuata. Marekebisho hayo hayo yanasema kwamba kinachotazamwa ni haki iliyopo siku ya kufunga hesabu, si matarajio ya uongozi kuhusu lini utalipa. IFRS 18, inayochukua nafasi ya IAS 1 kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, haiondoi msimamo huo.

Sababu ya pili ni sehemu ya mkopo inayoiva ndani ya miezi 12. Programu nyingi za uhasibu huweka mkopo mzima katika akaunti moja na kuuonyesha wote kama wa muda mrefu, mpaka mtu achukue ratiba ya marejesho na kuutenganisha kwa mkono. Sababu ya tatu ni mkopo kutoka kwa mkurugenzi au mmiliki usio na tarehe ya kulipwa. Kila mtu ndani ya kampuni anajua kwamba mkurugenzi hataudai mwaka huu, lakini kama mkataba unamruhusu kuudai wakati wowote, mahali pake ni dhima za muda mfupi. Dawa hapa haiko katika uhasibu. Ni kubadilisha mkataba wenyewe kabla ya siku ya kufunga hesabu.

Uwiano ukipanda badala ya kushuka, tazama upande wa mali. Fedha zilizofungiwa benki kama dhamana kwa zaidi ya miezi 12 si mali ya muda mfupi, ingawa ni fedha taslimu. Akaunti iliyotumiwa kupita salio, yaani ovadrafti, ni dhima, na haikatwi kutoka kwenye salio la akaunti nyingine ila pale ambapo kampuni ina haki ya kisheria ya kukata moja dhidi ya nyingine na inakusudia kulipana kwa tofauti tu. Hata hivyo, si kila kitu kinachozidi miezi 12 ni cha muda mrefu: mvinyo unaokomazwa kwa miaka mitatu kabla ya kuuzwa unabaki mali ya muda mfupi, kwa sababu huo ndio mzunguko wa kawaida wa biashara hiyo.

Dalili: faida ghafi inapanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao

Kila nyongeza isiyo halali katika thamani ya bidhaa zilizobaki ghalani huongeza faida ya mwaka huu kwa kiasi kilekile, kisha huipunguza ya mwaka unaofuata, kwa kuwa bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka huu ndizo za kuanzia mwaka ujao. Ukiona kupanda na kushuka kwa namna hiyo, nenda ghalani kabla ya kwenda kwenye mauzo.

Anza na umiliki. Je, zilizohesabiwa ni za kampuni? Bidhaa alizoacha msambazaji ili ziuzwe kwa niaba yake si zako, na zile zako zilizo kwa wakala bado ni zako. Zilizo njiani ni za yule ambaye mkataba wa mauzo umeshamhamishia udhibiti.

Halafu angalia kilichoingizwa katika gharama. Bei ya kununulia, ushuru usiorejeshwa, usafirishaji wa kuleta na gharama za kutengeneza huingia. Gharama za kuuza, za utawala wa jumla, za uharibifu usio wa kawaida, na za kuhifadhi bidhaa zilizokwisha kukamilika haziingii. Kosa linalojificha zaidi ni la gharama zisizobadilika za kiwanda. Tuseme kiwanda hutengeneza vipande 10,000 kwa mwaka katika hali ya kawaida, na gharama zake zisizobadilika ni 200,000, yaani 20 kwa kila kipande. Mwaka huu kimetengeneza vipande 5,000 tu. Mhasibu anayegawa 200,000 kwa 5,000 anapata 40 kwa kipande, na hivyo hasara ya mashine zilizolala inageuzwa kuwa mali iliyokaa ghalani. IAS 2 inataka kipande kibebe 20 ileile, na ile 100,000 iliyobaki iingie kwenye matumizi ya mwaka.

Mwisho, pima thamani halisi ya kuuza. Wengi hulinganisha gharama na bei iliyobandikwa na kuridhika. Bidhaa yenye gharama ya 80 na bei ya 90 inaonekana salama, lakini ikiwa inahitaji 8 ili ikamilike na 7 ili iuzwe, kinachobaki ni 75, na 5 lazima ifutwe. Upimaji huu hufanywa kwa kila bidhaa au kwa kundi la bidhaa zinazofanana, wala si kwa ghala zima, kwa maana faida inayotarajiwa kwenye bidhaa inayotoka haraka haiwezi kufunika hasara ya ile iliyokaa. Malighafi ni tofauti kidogo: bei yake ikishuka sokoni haifutwi ikiwa bidhaa itakayotengenezwa nayo bado itauzwa kwa gharama yake au zaidi.

Anayelinganisha kampuni mbili azingatie pia njia ya kukokotoa gharama. Viwango vya kimataifa vinakubali njia ya kilichoingia kwanza kutoka kwanza, na ya wastani, lakini vinakataza ile ya kilichoingia mwisho kutoka kwanza, ambayo kanuni za uhasibu za Marekani bado zinairuhusu. Bei zikipanda mfululizo, tofauti hiyo pekee inaweza kuonekana kama ugonjwa ambao haupo.

Dalili: deni la wateja ni kubwa, lakini fedha haziingii

Tangu IFRS 9 ianze kutumika tarehe 1 Januari 2018, kampuni haisubiri mteja ashindwe kulipa ndipo ikiri hasara. Hukadiria hasara inayotarajiwa tangu siku deni linapoandikwa. Kwa madeni ya kawaida ya biashara, njia inayotumika sana ni kuyapanga kwa umri. Kwa mfano, ikiwa 400,000 bado hazijafikia tarehe ya kulipwa na uzoefu unaonyesha hasara ya asilimia 1, tengo, yaani kiasi kinachotengwa kwa hasara hiyo, ni 4,000; ikiwa 100,000 zimechelewa kwa siku zisizozidi 60 na hasara ni asilimia 5, ni 5,000; na ikiwa 50,000 zimechelewa zaidi ya hapo kwa hasara ya asilimia 30, ni 15,000. Jumla ya tengo ni 24,000, na mizania itaonyesha 526,000 badala ya 550,000. Asilimia hizo hazikopwi kwa mwenzako. Hutokana na historia ya wateja wako, ikirekebishwa kwa hali ya uchumi inayotarajiwa.

Lakini kabla ya kukokotoa asilimia yoyote, rudi kwenye fungu. Fungua orodha ya wateja mmoja mmoja, utafute salio la krediti. Mteja aliyelipa kabla ya kupokea bidhaa hakupunguzii madeni ya wateja wengine. Anakudai, na fedha yake ni dhima mpaka utakapompa alicholipia. Vivyo hivyo, mkopo kwa mfanyakazi, malipo ya awali ya pango na amana uliyoweka kwa msambazaji si madeni ya mauzo. Yakichanganywa humo, uchambuzi wa umri unapoteza maana yote.

Dalili: mali za kudumu zina thamani isiyoaminika

Dalili hii ina sura mbili. Sura ya kwanza ni mali inayotumika kila siku huku thamani yake ya vitabuni ikiwa sifuri. Chanzo ni makadirio ya maisha yaliyowekwa siku ya kununua na kusahauliwa. IAS 16 inataka maisha ya mali na thamani yake ya mwisho yapitiwe angalau kila mwisho wa mwaka. Mashine ya 120,000 iliyokadiriwa miaka 10 ina 48,000 baada ya miaka sita. Ikibainika wakati huo kwamba itaendelea kwa miaka minane mingine, uchakavu wa mwaka unashuka kutoka 12,000 hadi 6,000 kuanzia hapo. Miaka iliyopita haiguswi. Mali iliyokwisha kufika sifuri imechelewa kwa njia hiyo, lakini ni ushahidi wa kutosha wa kuwafanya wahasibu watilie shaka maisha waliyokadiria kwa nyingine za aina yake.

Sura ya pili ni thamani iliyo juu mno. Ishara zikijitokeza, kama vile soko la bidhaa kuporomoka au mashine kuharibika, IAS 36 inataka thamani ya vitabuni ilinganishwe na kiasi kinachoweza kurejeshwa, nacho ni kile kikubwa kati ya fedha itakayopatikana kwa kuiuza baada ya gharama za kuuza na thamani ya matumizi yake, yaani mapato ya baadaye yaliyopunguzwa hadi thamani ya leo. Ile mashine ya 48,000 ikiweza kuuzwa kwa 30,000 lakini ikitarajiwa kuingiza 41,000 kwa kutumiwa, hasara ni 7,000, si 18,000. Kukimbilia bei ya soko peke yake ni kosa la kawaida, nalo huumiza bila haki kampuni zenye mitambo maalumu ambayo haina wanunuzi wengi.

Chunguza pia kama matengenezo ya kawaida yameongezwa kwenye gharama ya mali, kama ardhi na jengo vimechanganywa na ardhi ikatozwa uchakavu usiostahili, na kama kampuni imepitia upya thamani ya kiwanja kimoja kilichopanda bei huku ikiacha vingine vya kundi hilohilo. Kundi lote hupitiwa pamoja. Ziada inayotokana na mapitio hayo kwa kawaida hupita kwenye mapato mengine jumuishi, yaani yale yanayoonyeshwa nje ya faida au hasara ya mwaka, hadi akiba maalumu ndani ya mtaji. Ikionekana kwenye faida ya mwaka, huenda kuna kosa.

Iko hali moja inayodhaniwa kuwa dalili na si dalili hata kidogo: kampuni ambayo hisa zake sokoni zina thamani kubwa kuliko mali zake vitabuni baada ya kutoa dhima. Jina la biashara lililojengwa na kampuni yenyewe, uaminifu wa wateja na ujuzi wa wafanyakazi haviandikwi kwenye mizania, kwa kuwa gharama yake haiwezi kupimwa kwa uhakika. Jina hilohilo likinunuliwa na kampuni nyingine linaandikwa kwa bei lililonunuliwa. Asitokee mtu wa "kusahihisha" tofauti hiyo.

Dalili: dhima ni chache kuliko shughuli zinavyoonyesha

Ikiwa kampuni ina maghala mengi na magari mengi lakini mali za kudumu ni kidogo na madeni hayaonekani, tafuta mikataba ya kukodi. Tangu tarehe 1 Januari 2019, IFRS 16 inamtaka mpangaji aandike haki ya kutumia mali kama mali na malipo ya baadaye kama dhima, isipokuwa akichagua kuachilia mikataba isiyozidi miezi 12 au mali za thamani ndogo. Mikataba iliyosainiwa na idara nyingine bila kufika kwa mhasibu ndiyo inayosahaulika.

Kisha tafuta matengo ya dhima. Tengo la aina hii huandikwa pale tu mambo matatu yanapokutana: kuna wajibu uliopo kutokana na tukio lililokwisha kutokea, uwezekano wa kuulipia ni mkubwa kuliko wa kutoulipia, na kiasi kinaweza kukadiriwa kwa uhakika wa kutosha. Kesi ambayo mawakili wanaona uwezekano wa kushindwa upo lakini ni mdogo kuliko wa kushinda huelezwa katika maelezo ya taarifa, haiingizwi kwenye mizania. Kinyume chake ni kosa pia: tengo la "tahadhari" kwa hasara za uendeshaji za miaka ijayo halikubaliki, hata likiwa na nia njema, kwa sababu linaficha faida ya leo ili ipambe ya kesho. Na usisahau hisa za upendeleo ambazo kampuni inalazimika kuzinunua tena tarehe fulani. Zinaitwa hisa, lakini kiini chake ni deni.

Matukio ya baada ya kufunga hesabu yanahitaji uamuzi wa haraka. Mteja akifilisika wiki chache baadaye, kwa kawaida hilo linathibitisha hali iliyokuwapo siku ya kufunga, na deni lake hurekebishwa. Ghala likiungua baada ya siku hiyo, mizania haibadiliki, bali tukio huelezwa.

Dalili ndogo ndogo

Salio la fedha za kigeni lisilolingana na taarifa ya benki kwa kawaida limebaki kwenye kiwango cha siku ya muamala. Fedha, madeni na mikopo hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Mashine iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni na kupimwa kwa gharama hubaki na kiwango cha siku iliponunuliwa. Akaunti ya muda, yaani ile ya kushikilia miamala ambayo bado haijapangiwa fungu, iliyo na salio, na mstari wa "nyinginezo" unaoshindana kwa ukubwa na mistari yenye majina, vifunguliwe na kugawanywa kabla ya kusaini chochote.

Kabla ya kurekebisha

Ukishapata chanzo, bado kuna uamuzi mmoja: je, ni kosa au ni badiliko la makadirio? Chini ya IAS 8, kosa kubwa la miaka iliyopita hurekebishwa kwa kurudi nyuma, na takwimu za kulinganisha huandikwa upya. Iwapo limegusa kwa uzito salio la mwanzo wa mwaka wa kulinganisha, mizania ya tatu ya siku hiyo huonyeshwa pia. Badiliko la makadirio huenda mbele tu. Jiulize kama habari iliyokufanya ubadilishe tarakimu ilikuwapo na ingeweza kupatikana wakati zile taarifa zilipoidhinishwa. Mashine iliyodumu kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu ya matunzo mazuri ni makadirio. Mishahara ya ofisi ya mauzo iliyoingizwa miaka miwili iliyopita katika gharama ya bidhaa zilizobaki ghalani ni kosa, na kuipitisha kimyakimya katika matumizi ya mwaka huu kunamfanya meneja wa leo abebe hasara isiyo yake.